Kaka, Lile Jiwe Nimeliona

Kaka yangu Fidelis,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sikulelewa kuanza maneno na mkubwa wangu bila salamu, hata kama mkubwa mwenyewe amefia mbali na kuniachia kazi ya kumdanganya mama yetu.

Tuanze na lile jiwe. Unaikumbuka picha ya kwanza uliyonitumia kwenye simu? Umesimama ufukweni na koti jekundu, na nyuma yako, ndani ya bahari, jiwe limesimama peke yake, refu kuliko mnara wa kanisa letu hapa Keza, jembamba chini, nene juu, na ndege weupe wamejaa kileleni. Uliandika, "Huyu ndiye jirani yangu." Nikamwonyesha Mama, nikamwambia, "Mama, huyu yuko Dar. Hilo ni pazia la studio." Maana studio zetu tunazijua: mtu anapigwa picha pale Ngara mjini, ndege ya abiria iko nyuma yake, na kesho yake yuko shambani anapalilia maharage. Picha ya pili, jiwe lile lile. Ya tatu, jiwe lile lile na koti lile lile. Nikakuandikia, "Kaka, badilisha basi hata pazia." Ukanijibu maneno mawili tu: "Njoo ulione."

Usinilaumu. Ni nani aliyenifundisha kutoamini? Nilikuwa na miaka saba uliponiambia kwamba samaki wa Ruvubu hutoka majini saa sita mchana kuota jua, ukanikalisha kwenye nyasi na kikapu niwaokote. Nilikaa mpaka pua ikababuka. Uliporudi ulikuwa umeshiba viazi vyangu, na ukaniuliza bila haya, "Wamekupita?" Tangu siku hiyo kila neno lako nililigeuza mara mbili kabla ya kulimeza.

Kisha Berit akapiga simu. Wewe ulituambia ni mama mwenye nyumba wako, basi. Alisema kwa Kiingereza cha polepole kwamba ulianguka kazini, kwenye kiwanda cha samaki, moyo ukasimama, na kwamba wamekwisha kukupumzisha. Nikamuuliza kaburi liko wapi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Karibu na jiwe." Ule ukimya sikuupenda, Kaka. Mtu anayejua kaburi lilipo hanyamazi.

Mama naye alisema moja tu: "Mimi simziki mtoto wangu kwa simu." Desturi yetu unaijua. Aliyezikwa ugenini huletewa nyumbani udongo wa kaburi lake, ukazikwa migombani, watu wakanywa pombe ya rubisi ya kumaliza msiba, ndipo walio hai wanaendelea na maisha. Bila udongo, msiba uko pale pale. Mama alifunga kitambaa cheusi kichwani na hakukivua miaka miwili. Binti yangu aliolewa, bibi yake akakaa kitako kama mgeni, hakupiga hata kigelegele. Kipande chako cha shamba hakukilima wala hakuruhusu mtu akiguse. Alikonda, Kaka. Niliogopa tutamzika yeye kabla hatujamaliza kukuzika wewe.

Kwa hiyo kwaya yetu ilipoalikwa na kanisa rafiki huko kaskazini, ng'ambo, nchi ile ile uliyoishi, mimi mwenye sauti ya chura niligombania nafasi kwa meno na kucha. Mama alinipa leso nyeupe, mpya, akaikunja mwenyewe kiganjani mwangu. "Niletee udongo wake," alisema. "Na huyo mwanamke mwangalie machoni."

Tulipomaliza kuimba, nikaomba ruhusa ya siku tatu. Nilipanda basi, kisha boti, kisha basi tena, na Berit akanipokea kituoni. Nilimshuku kabla sijashuka. Kwa nini amelikimbilia begi langu? Kwa nini anatabasamu na mimi nimefiwa? Hata jua lenyewe nililishuku, saa nne za usiku liko palepale linakodoa macho. Tukaingia ndani, akafungua pazia la dirisha la jikoni, na jiwe likawa hilo hapo.

Lipo, Kaka. Limesimama majini peke yake, mawimbi yanalipiga miguuni, ndege wanapiga kelele juu. Niliona haya mpaka magoti. Miaka yote ile ulikuwa unatuonyesha dirisha lako, na mimi nikawachekesha watu wa Keza kwa habari ya pazia. Mwisho ulikuwa umeacha kutuma picha. Nilidhani umeishiwa uongo.

Berit akamimina kahawa, akanisogezea. Sikuigusa. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina sumu, na huyu hakuonja. Nikajisemea, ehee, yawezekana ndiyo iliyommaliza kaka yangu. Tukatazamana, kikombe kinapoa katikati yetu. Ghafla akajipiga paji la uso, akakichukua kikombe changu, akanywa funda moja, akanirudishia kwa mikono miwili. "Samahani, wifi," akasema kwa Kiswahili. "Fidelis alinifundisha. Nimesahau."

Wifi! Mama mwenye nyumba gani anamwita mtu wifi? Ulikuwa na mke, Kaka, na ukatuficha. Nililia pale mezani, hasira na kilio vikachanganyika, naye akalia upande wake. Kahawa niliinywa yote, ingawa ilikuwa baridi na chungu.

Kisha nikaitoa leso. Nikamweleza habari ya udongo, nikamwambia anipeleke kaburini. Akanitoa nje kwenye upepo, akanyoosha kidole baharini. Ulichomwa moto, Kaka. Majivu yako aliyapeleka kwa boti, akayamwaga pale chini ya jiwe. "Ndivyo alivyotaka," alisema.

Hapo shaka zangu zote zikarudi mbio. Wewe, mtoto uliyebatizwa hapa Keza, mwana wa Mama yule, uombe moto? Labda uliomba. Labda kule ni mwamba mtupu na shimo halichimbiki. Labda yeye ndiye aliyetaka ubaki dirishani pake. Nimemwangalia machoni kama nilivyotumwa, na bado sijui. Simchukii. Alinipa koti lako jekundu na alinisindikiza mpaka botini. Lakini kama uko mahali pa kuniambia ukweli, niambie hata ndotoni.

Nilishuka ufukweni na leso yangu. Kokoto nyeusi tupu, zimelowa, na magugu ya bahari. Nikaziokota, nikazitupa. Ningemwambia nini Mama, kwamba mwanawe kazikwa kwenye kokoto? Angeuliza mara moja tu, nami ningemwaga yote: moto, boti, bahari. Ingemuua. Leso ikarudi Tanzania tupu, imekunjwa kama alivyoikunja.

Basi la kurudi nyumbani lilisimama kule Biharamulo, Nyakahura, watu wakashuka kuchimba dawa. Wenzangu walienda vichakani. Mimi nilichuchumaa kando ya barabara, nikachimba kwa ufunguo wa nyumba yangu, nikajaza leso udongo mwekundu. Nilichagua Biharamulo makusudi, maana udongo wa Keza Mama anaujua kwa harufu. Konda akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia pete.

Mama aliipokea leso mbele ya watu wote. Aliifungua, akachukua udongo kidogo, akausaga kwa vidole. Akaunusa. Akaunusa tena, muda mrefu, kisha akaniangalia. "Umemwona?" akauliza. "Nimemwona, Mama. Jiwe lake ni kubwa, huko kote hakuna linalofanana nalo." Akaendelea kuniangalia. Halafu akawageukia wanaume wenye majembe: "Chimbeni."

Tulikuzika migombani, kwenye kipande chako. Katekista akasali, rubisi ikazunguka, Mama akafungua kitambaa cheusi mbele ya watu wote, na nywele zake, Kaka, zimekuwa nyeupe zote. Nilijipongeza kwa siri. Nikasema, kumbe naweza.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunaosha vyombo vya wageni, sisi wawili tu. Hakuinua uso. "Mwanangu," alisema, "udongo wa mtu hauchotwi kando ya barabara. Ule unanuka oili ya malori."

Sahani ilinitoka mikononi. Nikamuuliza, "Sasa Mama, mbona ulikubali?"

Akaiokota, akaisuuza, akaigeuza juani ikauke.

"Nimechoka kumngoja," akasema.

Mimi bado nakungoja, Kaka, na jibu langu kuhusu ule moto bado unalo. Mpaka hapo, upumzike kote uliko.

Mdogo wako wa kike, yule wa kikapu.