Birika Lisilo na Kifuniko

Mama,

Birika lako nimelitengeneza upya, na safari hii Baba Mdogo halibebi. Kwa urefu limepita paa la mgahawa wake, mdomo umeelekea mlangoni kwake.

Nimelichomelea kwa vyuma vya matela yaliyopata ajali, hapa hapa kwenye karakana yangu, ng'ambo ya barabara. Hata pale ubavuni palipobonyea nimepagonga nyundo mpaka pakafanana. Unakumbuka lilivyoangukia jiwe tukichuma kahawa? Ulicheka, ukasema, "Chai haijui kama birika limebonyea."

Hujui alichofanya baada ya kukuzika. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yako huyo akaingia jikoni kwako. "Hivi ni vya kaka yangu." Vya kaka yake! Baba alikufa hata hilo birika hujalinunua. Akalibeba mchana kweupe mbele ya waombolezaji, akarudi kuchukua kinu. Mimi nimesimama na kifuniko mkononi, nilikuwa nakiosha. Halafu kila asubuhi nikawa namwona akiwamiminia madereva wa malori chai kwa birika lako.

Sasa na yeye aone. Kila apitaye ananiuliza, "Dada fundi, mbona halina kifuniko?" Namweleza yote, polepole, kwa sauti ya kufika ng'ambo. Madereva wa Zambia wameacha chai yake, wanamwita kabolala, ndiyo mwizi kwa Kibemba. Makondakta nao wanaita, "Kwa mwizi wa birika, wa kushuka!" Nafurahi. Mchungaji ananiambia nisamehe. Bado.

Jumapili jioni alikuja na birika lako, kalifunga kwenye kitenge cha mkewe. "Mwanangu, lichukue, ulibomoe hilo dubwana. Unatuaibisha ukoo mzima."

Nililishika, Mama. Nilitamani kulikumbatia. Nikamrudishia.

"Ulilichukua mchana, watu wanaona. Lirudishe mchana, watu wanaona."

Akaondoka nalo kwapani, hajaaga.

Pumzika, mama yangu. Kifuniko chako nimekitundika ukutani, nakifuta vumbi kila nikifungua karakana. Siku atakayovuka barabara mchana na birika mkononi, nitachomelea kifuniko juu ya hili kubwa, na sitasimulia tena. Nakuahidi.

Asipovuka, kinu chako bado anacho, na vyuma bado ninavyo.

Mwanao.