Mkono Mmoja wa Mbolea ya Chai

Jumapili, Gesima. Mvua ya mawe imenyesha adhuhuri na baridi imebaki. Majani machanga ya chai yametoboka shamba zima, lakini si hayo yanayoniuma.

Nimeua ua la wifi yangu. Makusudi.

Wifi Kerubo aliolewa na kaka yangu mwaka juzi, akitokea Marani. Alikuja na haibiskasi nyekundu ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Alikuwa amekata tawi kwenye uzio wa marehemu mama yake kabla baba zake wadogo hawajaung'oa wote. Kila asubuhi alipangusa majani kwa kitambaa chenye maji na kuligeuza debe lipate jua. Jioni aliliingiza ndani kwa sababu ya baridi yetu.

Mimi maneno nayajua vitabuni, lakini hayanitoki mbele za watu. Wiki tatu zilizopita, tukimenya ndizi jikoni, shangazi aliniuliza jambo nikabaki kimya.

"Mwacheni Moraa," wifi akasema. "Huyu ataolewa na kamusi."

"Afadhali," Mama akaongeza. "Kamusi haiombi ugali."

Wifi alicheka hadi akajifuta machozi.

Siku mbili baadaye alinifuata na debe lake. "Wewe unasoma kilimo. Mbona majani yanageuka njano?"

Nilijua. Maji yalikuwa yanatuama, debe halikuwa na matundu ya kutosha. Msumari na jiwe vingetosha.

Nikamwambia, "Weka mbolea ya chai. Mkono mmoja mzima, kama tunavyowekea shambani."

Kwao hawalimi chai. Aliniamini. "Asante, mwalimu," alisema, na safari hii hakuwa ananitania.

Baada ya siku nne kingo za majani zilikuwa kama karatasi iliyogusa kaa la moto. Matumba yalianguka kabla ya kuchanua. Nilikuwa nikiyahesabu nikitoka shuleni, na nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jana Mama alisimama mbele ya debe, akina mama wa kanisa wakiwa wameketi palepale barazani.

"Hata mmea wa debe umekushinda, Kerubo. Ndiyo maana mimba haikukaa."

Wifi alipoteza mimba mwaka jana. Aliwamiminia wageni chai.

Hakunitaja.

Leo mvua ilipokatika nilimkuta amechuchumaa, anakwaruza shina kwa ukucha akitafuta ubichi. Ndani kulikuwa kukavu, rangi ya kahawia mpaka chini. Nikamwambia nilijua lingeungua.

"Najua ulijua," alisema bila kunitazama. "Niliwauliza wachuma chai Jumatano. Walinicheka."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Nimwambie binti yake amenidanganya? Aniamini mimi?" Akang'oa shina, likatoka bila kushikilia udongo. "Mwambie wewe."

Hayo yalikuwa saa mbili zilizopita. Mama yuko jikoni, namsikia akivunja kuni. Nimeazima simu ya kaka na nimewaambia ninyi wa mtandaoni kwanza, kwa sababu hamnijui na hamwezi kunitazama usoni.

Mlango wa jikoni uko wazi. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, ili nisinyanyuke nikamwambie.