Aliyeogelea Bila Kuita Jina

Nchelenge, upande wa Kashikishi

Kwako yaya Josefina, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya hilo bati. Goti lako likoje? Mama mmoja muuza chumvi aliyetoka huko aliniambia alikuona sokoni Moba ukitembea na fimbo, halafu akasema hapana, labda alikuwa mwingine. Tangu siku hiyo nakuona kichwani mara na fimbo, mara bila fimbo. Niambie ni ipi. Mama wa watoto wangu bado anakohoa? Na watoto, wanakusikiliza? Mimi ni mzima wa mwili, tena mzima kuliko miaka mingi iliyopita, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Nakuandikia wewe kwanza, kisha utaona mwenyewe cha kumwambia mama wa watoto.

Kazi ni ile ile. Nabeba magunia ya chisense, wale samaki wadogo wakavu, kutoka mitumbwini mpaka kwenye malori. Shingo imekuwa ngumu hata nikitaka kumwangalia mtu lazima nigeuze mwili wote. Kurudi bado siwezi. Kila anayevuka ziwa kutoka Kongo analeta habari yake ya askari na hakuna habari inayofanana na nyingine. Naishi kwa Bashi Mwape, yaani baba wa Mwape, yule mvuvi niliyekuandikia habari zake. Alinipa chumba cha nyuma bila kuniuliza makaratasi, na mpaka leo hajaniuliza. Hilo lishike, maana yote nitakayokueleza yanamgusa yeye.

Jioni huwa nakwenda kwa Bana Grace, yaani mama wa Grace, mjane mwenye duka na televisheni. Anaiweka dirishani, sisi tunakaa uani. Wenzangu wanakuja kwa ajili ya mpira. Mimi, yaya, usinicheke, nakuja kwa ajili ya matangazo ya biashara. Mpira ukisimama, wenzangu wanainuka kwenda kukojoa, mimi nasogea mbele. Kuna mama anainua shati jeupe mpaka unafumba macho. Kuna watoto wanalilia mkate wenye siagi, mara wamepewa, mara wanacheka. Ni hadithi fupi kabisa na hakuna anayekufa. Habari zikianza, mimi naondoka, kwa sababu siku nyingine wanaonyesha kwetu. Kiingereza sijui, lakini wananiuliza, "Muzee, anasema nini huyo?" nami natunga. Nilisema yule wa betri anamwomba mkewe msamaha. Walicheka wakanipa jina Muzee Matangazo.

Sasa katika matangazo hayo kuna mtu mmoja mwenye mvi. Anaruka majini, anaogelea, anatoka, anapanda baiskeli, anakimbia mlimani, halafu anakunywa kitu cha moto kwenye kikombe na meno yake yote yapo. Mara ya kwanza nilipomwona nilisema kwa sauti, huyu ni rika langu. Bana Grace akajibu, "Rika lako, lakini si shingo yako."

Haikupita muda mrefu, muzungu mmoja anayechimba visima huku akatangaza mashindano ya namna hiyo hiyo hapa pwani. Kuogelea, baiskeli, mbio, vyote siku moja bila kupumzika. Yeye anayaita traiatloni. Vijana watakuwa na lao, na watu waliopita miaka arobaini watakuwa na lao. Yeye mwenyewe ni mtu mzima, kichwa cheupe, kila asubuhi anakimbia barabara ya lami kama anafukuzwa. Nilikwenda kwake nikiwa na vumbi la chisense mpaka kwenye kope. Nilidhani atanifukuza. Aliniangalia miguu, akaandika jina langu.

Yaya, miaka yote hii mwili wangu umebeba vitu vya watu. Sijawahi kuutumia kwa kitu changu. Nilianza kuamka mapema kabla ya malori. Siku moja nakimbia mpaka boma na kurudi, siku nyingine naendesha baiskeli ya Bashi Mwape, ile nzito yenye kichanja cha samaki nyuma, mpaka njia ya Mwansabombwe. Wanawake wanaokwenda shamba walikuwa wanapiga kelele, "Muzee, mukwai, nani amekufa?" Mukwai ni neno lao la heshima, na huku mtu mzima hakimbii ila kwa msiba. Nikawa nawajibu hakuna aliyekufa, nao wanasimama kunitazama kwa huruma.

Na siku ya tatu, maji. Unajua nani alinifundisha maji. Ulinitupa pale mbele ya misheni nikiwa mdogo, ukaniambia nikulilie baadaye. Nilidhani nimesahau, kumbe mikono ilikuwa inakumbuka. Asubuhi ziwa la Mweru linakuwa limelala kabisa. Nikiweka uso ndani sisikii malori, sisikii mtu akiniita. Naenda mbali, narudi, hata shingo inalegea. Bashi Mwape alikuwa ananifuata kwa mtumbwi wake mara kwa mara kwa sababu ya mamba. Siku moja aliacha kupiga kasia akasema, "Weye si mubeba magunia. Weye iko samaki."

Kosa langu ni hili. Huku kuna desturi ya nyavu. Ukipita karibu na nyavu za mtu kabla ya mwenyewe kufika, unagonga mtumbwi kwa kasia na unaita jina lako, ili kila mtu ajue ni nani yuko pale. Anayepita kimya ni mwizi. Mimi desturi hiyo naijua, lakini niliiona ni ya watu wenye mitumbwi. Mtu anayeogelea na uso ndani ya maji ataitaje jina? Sikuwaza hata mara moja. Nilipita kando ya nyavu za watu asubuhi nyingi nikiwa bubu.

Basi mvuvi mmoja, Kaoma, mwenye nyavu nyingi, akakuta nyavu zake zimetolewa samaki. Baada ya siku chache, tena. Watu wakasema tumemwona mtu majini, kichwa tu, hakuita. Tukaitwa mbele ya mkuu wa kambi ya wavuvi, mimi na Bashi Mwape wote wawili, kwa sababu sheria yao ni kwamba anayemlaza mwizi wa nyavu anafukuzwa pwani pamoja naye. Mitumbwi yake, nyumba yake, kila kitu. Kambi nzima ilikuja kusikiliza.

Kaoma alisimama. Tulikuwa wavuvi wa huku na wabebaji wa Kongo, basi akasema Kiswahili cha biashara ili sote tusikie. "Mutu anaingia mu mayi asubuhi. Hana nyavu, hana mutumbwi, hana ndoano. Anatafuta nini? Anatafuta mama yake?"

Watu wakacheka. Nikasema mimi nafanya mazoezi ya mashindano ya muzungu.

"Mazoezi," akasema Kaoma. "Wewe unabeba magunia siku nzima, halafu unachoka kidogo, unatafuta mazoezi?"

Wakacheka zaidi, na mimi, yaya, kidogo nicheke. Mkuu wa kambi akaniuliza kwa nini siiti jina. Nikamwambia uso wangu uko ndani ya maji. Akasema, "Mutu anaficha uso, haseme jina, anapita kwa nyavu ya wenzake. Kwenu Kongo munamuita nani?"

Ndipo Bashi Mwape akainuka. Huyu mtu hasemi uongo. Ni mtu wa kanisa, akikosea bei ya samaki anarudi kumtafuta mnunuzi. Akasema, "Mukwai, mumuangalie huyu. Shingo haigeuki. Mi ninamuona kila siku, anaogelea sawa mbuzi. Mpaka kwa nyavu ya Kaoma? Atafika amekufa." Na akaapa.

Mkuu wa kambi akafikiri, kisha akasema vizuri, Jumamosi muzungu anawaogelesha watu, sote tutakuwa pwani, tutaona kama ni mbuzi.

Tulitembea kurudi nyumbani. Karibu na mlango Bashi Mwape akasema, "Jumamosi utazama."

"Sijui kuzama," nikamwambia.

"Utajifunza."

Nikasema basi nisiende kabisa. Akatikisa kichwa. Nikikosa, watasema naficha nguvu zangu. Lazima niingie na lazima wanione nashindwa. Akanieleza mahali. Muzungu ataweka maboya mawili, moja karibu, jingine mbali karibu sawa na nyavu za Kaoma. Mimi niishie kwenye lile la kwanza, niinue mkono, yeye Bashi Mwape atakuwa kwenye mtumbwi wa kuokoa watu, atanichukua. Alisema yote hayo bila kuniangalia. Mke wake alikuwa anasonga ugali, akasimamisha mwiko, kisha akaendelea.

Nimekuandikia mengi ya mwanzo ili uelewe hiyo Jumamosi. Pwani ilijaa. Bana Grace alifunga duka lake. Tulikuwa watu wazima wachache: mwalimu mmoja, polisi mmoja mwenye tumbo, nesi wa kiume, muzungu mwenyewe na mimi. Vijana walikuwa wanaimba kunichokoza, "Matangazo! Matangazo!" Muzungu akapuliza filimbi.

Nilikuwa nimepanga kuanza vibaya. Sikuweza. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilipoinua uso mara ya kwanza polisi alikuwa amebaki nyuma, mara ya pili mwalimu. Mara ya tatu nilikuwa sawa na muzungu, naye akaniona, akacheka majini kwa furaha kama mtoto. Boya la kwanza likawa mbele yangu. Nilijua nikiendelea nitamaliza wa kwanza. Sijawahi kuwa wa kwanza katika kitu chochote, unajua hilo, wewe ndiwe uliyenitoa shuleni nilipofukuzwa.

Mtumbwi wa Bashi Mwape ulikuwa karibu. Nikasikia, "Apa njo fasi, muzee. Apa." Hapa ndipo mahali, alikuwa ananiambia; hakupiga kelele, alisema kama anamsihi mtu. Niligeuza mwili wote kumwangalia. Alikuwa ameshika kasia kwa mikono miwili mbele ya kifua. Alikuwa ameapa kwa jina la Mungu kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa natazama boya.

Niliinua mkono. Nikapiga maji ovyo, nikameza mengine, na kwa kuwa sikujua anayezama anasema nini, niliita jina langu. "Kabamba! Kabamba!" Pwani wote walisikia. Nikasikia Kaoma akipiga kelele, "Leo ameita!" Kicheko kikaja juu ya maji mpaka kwetu. Bashi Mwape akanivuta kwa kwapa, nikaangukia ndani ya mtumbwi juu ya maji machafu na magamba. Tulipofika pwani Kaoma mwenyewe alinipa mkono kunishusha. Akasema, "Muzee, kaa na magunia. Mayi si ya kila mutu." Hakusema kwa ubaya. Jioni mke wa Kaoma alileta samaki wawili wakubwa nyumbani kwetu. Tulikula. Bashi Mwape hakula.

Muzungu alisimama mbele yangu muda mrefu. Yeye aliniona kwa karibu nikiogelea, anajua. Tangu hapo akipita na mbio zake ananisalimu kwa kichwa tu. Angenitukana ningeona afadhali.

Na wiki hii nyavu za Kaoma zimetolewa samaki tena. Hakuna aliyenitazama hata kidogo. Walikuja mpaka mlangoni kumuuliza Bashi Mwape anamdhania nani, mimi nikiwa nimekaa pale pale namenya muhogo, na mmoja akanirukia miguu kupita.

Kwa hiyo tumebaki pwani, na chumba ninacho, na kazi ninayo. Lakini siwezi tena kuingia maji yakapita magoti. Asubuhi naoga kwa kikombe pamoja na wazee. Nikithubutu kuogelea, hata mbali na hapa, hata kisiwani Chisenga, mtu ataona, na neno litafika, na Bashi Mwape atakuwa mtu aliyeapa uongo. Mbio na baiskeli hawajanikataza, ila sijui mtu anakimbia kwa ajili gani kama kitu kimoja kati ya vitatu kimekatwa. Kwa Bana Grace bado nakwenda. Matangazo bado yananifurahisha, nisikudanganye. Wameleta jipya la sabuni.

Shida yangu ni kwamba wafanyabiashara wanavuka, na habari ya Muzee aliyekaribia kuzama itafika Moba kabla hujamaliza kusoma hapa. Watakucheka. Mwanangu mkubwa atachekwa. Shemeji yangu fundi viatu atafanya wimbo, namjua. Nilitaka kukuomba uwaambie ukweli wote. Nimekaa na hilo tangu jana. Hapana, usiwaambie. Wafanyabiashara hao hao wanarudi huku. Mwambie mama wa watoto peke yake, mkiwa shambani, na mwanangu mwache achekwe mpaka nitakapokuja mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea, na katekista aliyekuwa ananisahihishia barua zamani, mwambie sasa naandika peke yangu kama unavyoona. Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina, wewe unawajua kwa mpangilio wao. Mama wa watoto apate dawa ya kifua, asingoje mimi. Na habari ya fimbo, usisahau kunijibu.

Ni mimi mdogo wako, ninayejua kuogelea,

Kabamba