Wanakuja Kupima

Kibaha, 3 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui nyinyi hapo Kurui. Kile kifua cha Mama je? Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Nina habari njema. Ofisini tunachagua maeneo machache nchi nzima. Kila aina ya mazingira itawakilishwa na eneo moja, nalo litafuatiliwa miaka hamsini: miti yake, ndege wake, udongo wake. Kwa misitu ya pwani nimependekeza msitu wa ukoo wetu, maana tangu enzi za Bibi haujaonja shoka. Wamekubali! Mwezi wa nne tunakuja kupima. Furaha imeninyima hata hamu ya kula.

Binti yako,
Kudra

Kurui, 20 Februari 2024

Mwanangu Kudra,

Marahaba. Sisi wazima, kifua cha mama yako kimetulia. Simu imekufa, endelea kuandika tu.

Barua nimeisoma mara tatu, nimekuelewa. Najua mtu wa ofisi hawezi kusema yote. Usihofu, hawatatukuta tumelala.

Baba yako,
Rajabu

Kibaha, 11 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Jana tulikuja, tukaambiwa mmekwenda msibani Dutumi. Msituni tumekuta mihogo. Mihogo, Baba, na visiki vibichi kila mahali! Mkuu wangu, Eugenia, alifunga daftari akasema turudi garini. Nimelia njia nzima mbele za watu.

Si uliniambia umenielewa?

Kudra

Kurui, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii nimeianza mara nne.

Uliandika mnakuja kupima. Huku kwetu mpimaji huja na kamba na vigingi, na akiondoka ardhi si yako tena. Ya mjomba wako Abeid ilikwenda hivyo hivyo. Alipoulizwa ushahidi akaonyesha pori, wakamcheka. Shamba ndilo ushahidi. Nikadhani unanidokezea kwa siri, nikaita watu, tukafyeka siku sita. Ule mti wa mkongo wa Bibi yako niliuangusha mwenyewe, dhambi hiyo nisimpe mtu mwingine.

Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimempakata. Nisamehe. Msitu uliofyekwa nao hauwezi kupimwa?

Baba yako,
Rajabu

Kibaha, 25 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kidogo.

Hapana, Baba. Nafasi ilikuwa moja, imekwenda mkoa mwingine. Ningeandika "tunakuja kuhesabu miti", mkongo ungekuwa umesimama mpaka leo. Nimezaliwa hapo, nilijua neno "kupima" linavyotisha, nikalisahau. Mihogo msiing'oe kwa hasira. Ikikomaa nitakuja tuile pamoja.

Leo nimejaza fomu ya kuliondoa eneo letu. Wanauliza ni nani aliyefyeka. Nimeandika jina langu.

Binti yako,
Kudra