Mtaa umeniundia Kamati ya Injini

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna, fukuto tu.

Fundi Mashaka amesema leo mchana kwamba injini ya gari langu haitengenezeki tena. Ameyasema hayo gerejini kwake Keko, mkono mmoja juu ya boneti, mwingine umeshika kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameshaingia mahali pasipo pake. Ushauri wake ni huu: ninunue injini nyingine iliyotumika, au niliuze gari kama lilivyo kwa watu wa spea.

Nilimuuliza chanzo.

"Chumvi, braza. Haya maji ya kisima yamekula mpaka ndani."

Kisima anachokisema ni cha hapohapo gerejini. Miaka yote ameyachota maji yake kwa kidumu na kuyajaza kwenye rejeta yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni natazama. Hata nyumbani kwetu Tandika maji ya kisima ni ya kufulia na kudekia tu. Tunajua yanavyokula mabomba na mabati. Gari hatukulihesabu. Mashaka hakuomba radhi, nami sikumdai.

Sikushtuka sana. Mwaka huu gari limeshabadilishwa rejeta, shokapu na betri, na kila nikilitoa gerejini naambiwa sasa gereji utaisahau. Sijapata nafasi ya kuisahau.

Nilipanda bodaboda kurudi nyumbani, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshaamua kuuza. Ofisi ya gazeti letu iko Mikocheni, naweza kufika kwa basi kama wenzangu wengi wanavyofika. Mke wangu, Mama Neema, anafundisha shule ambayo anaiendea kwa miguu. Watoto wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Kwa mahitaji ya nyumba yetu, gari halina kazi tena.

Tatizo ni kwamba gari hili halijawahi kuwa la nyumba yetu.

Kwenye mtaa wetu ndilo gari pekee linalolala. Bajaji zipo, lakini jioni zinarudishwa kwa matajiri wanaozimiliki. Kwa hiyo gari langu limebeba wajawazito, wenye pumu, mabibi harusi, keki za kipaimara na masufuria ya pilau. Jeneza tu ndilo lisiloenea, na hata hilo lilijaribiwa. Anayeuguliwa usiku hagongi mlango wangu. Anagonga dirisha la chumbani, kwa sababu mtu mmoja aligundua kwamba nikigongewa dirisha naamka haraka, na taarifa hiyo ikasambaa.

Sijawahi kukataa. Sijui kama ni wema au ni kushindwa kupata sentensi ya kukatalia wakati mtu amesimama dirishani amevaa kandambili za rangi mbili tofauti.

Gari sijalichoka. Nimechoka kuwa dereva wa mtaa.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Mashaka alikuwa amempigia simu Mzee Nandonde, jirani yetu, mchongaji vinyago mstaafu kutoka Newala ambaye hakuna jambo la mtaa linalopita bila yeye. Nilimkuta barazani kwetu na Mama Neema. Kwenye mkeka alikuwa amekaa Sauda, binti wa nyumba inayotazamana na yetu, ambaye atajifungua mwezi ujao. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Safari hii ameambiwa uchungu ukianza tu asisubiri, awahishwe hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwandishi. Pole na gari letu."

Gari letu. Nikakaa.

Mzee Nandonde akanieleza kwamba kamati imeshaundwa. Mtaa wetu huunda kamati kwa ajili ya harusi na msiba, na sasa umeiundia injini. Mwenyekiti ni yeye. Mweka hazina ni Sauda. Kundi la simu limeshafunguliwa, linaitwa Kamati ya Injini, na picha yake ni gari langu, iliyopigwa sijui lini, mbuzi wa mtu amesimama juu ya boneti. Watu wameanza kuahidi.

"Wewe hutoi hata senti," alisema. "Kazi yako ibaki ileile."

"Kazi gani, mzee?"

"Ya kuendesha."

Mama Neema akacheka mpaka khanga ikamteleza begani. "Mshoneeni na sare basi, ajulikane."

"Sare si tatizo," alisema Mzee Nandonde, na sidhani kama alikuwa anatania.

Nimeripoti vikao vingi katika maisha yangu. Naijua dakika ambayo jambo linapita bila mtu kulipinga, kwa sababu kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza. Hii ilikuwa dakika hiyo. Nikikubali injini ya mchango, sitaliuza gari tena, sitakwenda safari bila kuaga mtaa mzima, sitalala na simu imezimwa. Mtu aliyechangiwa harusi hamwachi bibi harusi wiki inayofuata.

Nilimtazama Sauda. Hakuwa ameniomba chochote. Alikuwa anakunja ncha ya mkeka na kuikunjua.

"Baba Neema, mie nisiwe sababu," alisema. "Ila nijulishe mapema. Nisije nikagonga dirisha halafu nikute hakuna gari."

Hilo ndilo lililonifungua mdomo. Watu wote pale walikuwa wananisukuma, yeye alitaka jibu.

"Gari nauza," nikasema.

Mzee Nandonde akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Na huyu binti je?"

Nikawaambia nilichokifikiria nikiwa kwenye bodaboda, ingawa sikuwa nimekifikiria vizuri. Shabani wa uchochoro wa pili anaendesha bajaji. Analala hapa mtaani, bajaji inalala kwa tajiri wake, kwa sababu tajiri anataka ua wenye geti na kufuli. Ua wenye geti ninao, na gari likiondoka utakuwa wazi. Mchango wa injini umlipe huyo tajiri ili bajaji ilale kwangu. Nami nitachanga kama wengine.

Mama Neema ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi ningemuuliza waziri.

"Na geti usiku atalifungua nani?"

Wote wakanitazama.

Nikasema Shabani atapewa ufunguo wake. Mzee Nandonde akasema jambo hilo ni la kikao, haliwezi kuamuliwa barazani, kisha akaenda zake. Sijui kama ameudhika. Jina la kundi la simu halijabadilishwa, ila ile picha ya gari imeondolewa.

Nilitegemea nijisikie mwepesi. Bado. Shabani amekubali kwa simu. Tajiri wake hajapatikana, na mpaka apatikane mtaa huu usiku hauna gari wala bajaji. Hilo ninalijua, na ndilo ninalolichagua. Gari lenyewe, hata hivyo, lisingemfikisha mtu popote wiki hii wala ijayo. Hili la pili ni kweli, lakini naona nimelirudia moyoni mara nyingi mno kwa jambo lililo kweli.

Kesho asubuhi nachongesha ufunguo wa geti. Mchana nakwenda na Shabani kumwona tajiri wake, simu isipopokelewa tutasimama mlangoni kwake. Jumamosi watu wa spea wanafika gerejini. Kikao ni Jumapili baada ya alasiri, barazani kwa Mzee Nandonde.

Sauda ametuma ujumbe kwenye kundi kwamba mweka hazina atahudhuria, kama uchungu hautakuwa umeanza, na mpaka hapo bado atakuwa mtu mmoja.