Anayekuletea Barua Hii

Goma, Keshero, Alhamisi

Christa, mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote walioko nyumbani. Mama bado anakohoa? Mwambie asiache dawa katikati kama ilivyo desturi yake. Damien na mtoto hawajambo, na sambaza, dagaa wa ziwani, bado wanapatikana. Mimi ndiye si mzima moyoni, ndiyo maana naandika kwa mkono. Kwenye simu ungenikatia.

Habari ni za biro letu, ofisi ile unayoijua. Munezero, msichana wa mapokezi, aliwaandikia wakubwa wa shirika huko Ulaya kwamba Papa Cikuru, chef wetu, mkuu wa ofisi, humwita ofisini kwake, hufunga mlango kwa ufunguo, na humkumbusha kwamba kontra yake ya kazi iko mikononi mwake. Wakubwa hawakutaka tujichunguze wenyewe, maana hapa ni nani asiyekula meza moja na chef? Wakaajiri avoka wa nje, mwanasheria Maître Akonkwa, akavuka ziwa kutoka huko kwenu Bukavu. Wiki mbili sasa anatupokea mmoja mmoja kwenye chumba cha parokia.

Sote tuligeuka mabubu. Dereva alisema macho yake ni ya barabarani tu. Mimi, sekretari wa miaka tisa, nilisema Papa Cikuru ni muzee wa heshima, tena ndiye parrain wa ndoa yangu, aliyetusimamia mimi na Damien mbele ya padri. Maître aliandika, akanishukuru.

Juzi aliniita tena. Alinieleza kwamba neno la Munezero liko peke yake. Jumatatu anatoa ripoti, na mambo yakibaki hivi Munezero ataonekana mwongo na kufukuzwa. Msichana huyo analisha wazazi na wadogo zake watano, wamebanana chumba kimoja mtaa wa Mapendo. Jana nilimkuta anafuta meza yake huku analia, akaniomba msamaha kwa maji yaliyomwagika sakafuni. Aniombe msamaha mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa usichane karatasi kabla ya mwisho. Miaka minne iliyopita, siku yako ya mwisho ya staji, yale mafunzo yako ya kazi kwetu, nilikuwa kwenye korido na faili mkononi. Nilisikia ufunguo ukizungushwa. Nilikusikia ukisema, “Papa, uniache,” mara tatu. Halafu ukaniita mimi, dada yako mkubwa: “Yaya Nabintu!” Nilisimama pale pale. Ndoa yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili, na parrain ni yeye. Nikarudi kwenye mashine ya fotokopi, nikapiga kurasa tupu ili kelele yake inizibe masikio. Ulipokataa kurudi kazini, niliwaambia Mama na wajomba kwamba wewe ni mvivu. Mpaka leo wanakutania hivyo, na mimi hucheka nao.

Leo asubuhi nimemweleza Maître nilichosikia, nikatia sahihi. Alipouliza mwanamke yule alikuwa nani, nilimjibu kwamba jina hilo si langu kulitoa. Kazi yangu naihesabu imekwisha. Damien hajui bado. Picha ya ndoa nimeishusha ukutani, nimemwambia ni kwa sababu ya unyevu. Ninaogopa, Christa. Ninaogopa Jumatatu, na ninakuogopa wewe zaidi. Wanasema mficha uchi hazai, lakini huu niliouficha ni wako, na sina haki ya kuufunua.

Huyo mwenye miwani anayekuletea barua hii ni Maître Akonkwa mwenyewe. Nimemwomba angoje nje mpaka umalize kusoma. Hajui kilichoandikwa humu, ingawa si mjinga, labda anakisia. Ukitaka kumweleza yako, mfungulie mlango; usipofungua, ataondoka bila swali, ndivyo tulivyopatana, na sitakulaumu. Safari hii ufunguo unao wewe.

Msamaha siuombi, sijaufikia. Wasalimie wote, na umbusu Mama kwa niaba yangu. Kwamba hukuwahi kuwa mvivu, nitamwambia mimi mwenyewe.

Ni mimi yaya wako, uliyeniita nikasikia,

Nabintu