Kaunti Yetu Imechujwa

Buruburu, Nairobi

Kwa dada yangu Wavinya,

Pokea salamu za ndugu yako. Natumaini mmeamka vyema, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma. Bado nasukuma mkokoteni wa maji na kupandisha mitungi ghorofani, kwenye ile ofisi niliyokwambia.

Uliniuliza kama muuze punda mhamie kwa mjomba Mwanzia, au mngoje kisima. Mimi ndiye niliyewaambia mngoje, kwa sababu Hirad, kijana wa kompyuta pale ofisini, alisema kuna mfadhili atakayechimba visima. Mkangoja, na ng'ombe wakaisha.

Wiki iliyopita nilimkuta akimchagulia mfadhili huyo kaunti za kuchimbiwa, nikatua mtungi nikatazama. Kompyuta ina lugha yake ya kuamrishwa. Aliandika amri moja, data za sera za maji za kaunti zote zikapakiwa, kila kaunti na safu yake. Niliiona yetu, nikafurahi. Kisha akaandika amri nyingine: zibaki tu zilizopitisha sheria ya maji. Akabonyeza. Yetu ikatoweka.

Nikamuuliza imekwenda wapi. Akasema imechujwa; waheshimiwa wetu bado wanabishana juu ya mswada, kwa hiyo kisanduku chetu ni kitupu, na mfadhili hataki kaunti isiyo na sheria. Nikamwomba akijaze. Akacheka, akaniita mzae, kama vijana wa hapa wanavyowaita wazee, akasema hizi data ni za umma, mtu yeyote anaweza kuzipakia akaona. Akidanganya, atafukuzwa kazi, na kesho tutasukuma mkokoteni pamoja.

Ili kunichangamsha, akaiambia kompyuta ipange kaunti kwa wingi wa watu wanaokosa maji. Tukatokea juu kabisa. Wenzake wakanipigia makofi, wakasema leo Wakamba wameongoza mtihani, mzae atununulie soda. Nami nikacheka nao, Wavinya. Kisha akairudisha ile amri yake ya kuchuja, akatuma majibu kwa mfadhili, akaniuliza mbona maji leo yana tope.

Basi msingoje tena. Uzeni punda, kama bado yuko mtu wa kumnunua, mwondoke mama angali anaweza kutembea.

Lililobaki ni gumu kuandika. Hirad aliniona natua mitungi bila kumsalimu siku mbili tatu, akampigia simu mkandarasi wa visima vya mfadhili. Akaniambia si nilikuwa nataka kisima, basi amenipatia. Nimeandikwa kibarua wa kuchimba katika kaunti mojawapo iliyopita kwenye mchujo, huko ambako mito haikauki. Nimekubali. Jumatatu naondoka. Mama akiuliza niko wapi, mwambie nimepata kazi ya kuchimba kisima. Akidhani ni chetu, usimsahihishe mpaka mfike kwa mjomba.

Nisalimie wote ambao hawajahama.

Ndugu yako,
Muthama